Mitaa Mitano ya Ezio Pinza: mwimbaji wa opera akihamia tamthilia za nyimbo, kinachobadilika ni nini?

Novemba iliyopita, malipo ya korosho yalipoanza kutoka na kila Jumamosi Mtwara ina harusi tatu au nne, nilikuwa kwenye ukumbi mmoja upande wa Shangani umeme ulipokatika. Jenereta la ukumbi likakohoa mara mbili, likanyamaza. Mwimbaji wa bendi alikuwa katikati ya ubeti. Mdomo uliendelea kwenda, lakini sauti iliishia kwenye meza mbili za mbele. Ndipo mama mkubwa wangu, aliyekaa na wanakwaya wenzake karibu na mlango, akaanzisha wimbo. Ana miaka sitini na kitu, mfupi, mwembamba. Sauti ile ikajaza ukumbi, ikatoka nje, ikawafikia vijana waliokaa juu ya bodaboda zao ng'ambo ya barabara. Kwa robo saa nzima tulicheza gizani kwa sauti ya mtu mmoja na makofi.

Umeme uliporudi, mpiga kinanda wa bendi akamfuata kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Tunaomba utumalizie wewe." Akampa maiki. Hapo mambo yakaharibika. Spika zikapiga mluzi, watoto wakaziba masikio, na yale maneno ambayo gizani kila mtu aliyashika sasa yakawa mngurumo mtupu. Mama mkubwa akairudisha maiki kabla ubeti wa pili haujaisha, akaenda kukaa.

Kwenye bajaji tukirudi nyumbani alinyamaza mpaka tulipokaribia soko la Chikongola, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sauti si ileile? Sasa imeharibikia wapi?"

Nilimjibu ovyo siku ile. Jibu lenyewe ni refu, na njia nzuri ninayoijua ya kulieleza inapitia mbali: kwa Ezio Pinza, mwimbaji wa besi kutoka Italia, aliyeimba opera kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha akiwa na umri wa miaka 56 akahamia kwenye tamthilia za nyimbo za Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho wa New York. Wengi walioisikia habari hiyo walisema ameshuka. Kwaya ya mama mkubwa nayo, siku mbili baada ya harusi, ilikuwa na neno hilohilo mdomoni: kuimba na bendi ni kushuka. Nadhani wote wamekosea upande mmoja. Walidhani ni safari ya kuteremka mlima, ambayo hata mtoto anaiweza, wakati Pinza alilazimika kuanza karibu upya.

Mtu mwenyewe

Pinza alizaliwa Roma mwaka 1892, akakulia Ravenna. Ujanani alitaka kuwa mkimbizaji wa baiskeli. Mwaka 1914 aliingia jukwaani kwa mara ya kwanza katika mji mdogo wa Soncino, akaimba opera ya Norma, vita vikamchukua, aliporudi akapanda hadi La Scala, jumba kubwa la opera la Milan, chini ya kiongozi wa okestra Arturo Toscanini. Novemba 1926 akaanza katika jumba la opera la Metropolitan, New York, akakaa hapo misimu 22. Mhusika aliyempa jina kuliko wengine ni Don Giovanni wa Mozart, yule mlaghai wa wanawake anayekataa kutubu hata kaburi likimwita.

Na hakujua kusoma nota. Nisimame hapo kidogo, kwa sababu huku kwetu kwaya nyingi hujifunza kwa solfa iliyoandikwa ubaoni au kwa kusikia na kurudia, na wapo wanaojiona wadogo kwa sababu hiyo. Pinza alikuwa anakaa na mpiga piano, anasikiliza, anarudia, mpaka wahusika zaidi ya hamsini wakakaa kichwani mwake, kila mmoja na maneno yake na mahali pake pa kuvuta pumzi. Sikio lake ndilo lililokuwa daftari. Likumbuke sikio hilo, kwa sababu baadaye ndilo lililomvusha.

Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na Italia, alikamatwa kama raia wa nchi adui akawekwa kizuizini Ellis Island, kisiwa cha bandari ya New York, kwa wiki kadhaa. Aliachiwa, akarudi jukwaani. Mwaka 1948 akaaga Metropolitan. Mtayarishaji mmoja wa California, Edwin Lester, alikuwa ameshafunga naye mkataba wa tamthilia ya nyimbo, lakini tamthilia yenyewe hakuwa nayo, sawa na mtu aliyekodi jahazi kabla ya kupata shehena. Watunzi Richard Rodgers na Oscar Hammerstein walikuwa na shehena bila jahazi: walikuwa wanaandika South Pacific, hadithi ya kisiwa cha Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, na walihitaji mwanamume wa makamo wa kumwigiza Emile de Becque, Mfaransa mwenye shamba, mjane mwenye watoto wawili aliozaa na mwanamke wa visiwani. Anampenda muuguzi wa Kimarekani, na muuguzi anashtuka akigundua rangi ya watoto wale. Ukitaka kumwona de Becque bila kwenda Pasifiki, waulize wazee wa Lindi wanaowakumbuka mabwana wa mashamba ya mkonge.

Tamthilia ilifunguliwa tarehe 7 Aprili 1949 katika ukumbi wa Majestic. Mwaka huo matrekta ya mradi wa karanga yalikuwa yanang'oa visiki Nachingwea, na nani huku alikuwa na habari na Mtaliano anayeimba? Kwa New York ilikuwa habari ya mji. Sasa sikia jiografia yake: jumba la zamani la Metropolitan lilikuwa lenyewe kwenye barabara ya Broadway, kati ya Mtaa wa 39 na wa 40. Majestic iko Mtaa wa 44. Kwa miguu ni dakika chache. Pinza alivuka mitaa mitano, na karibu kila alichokuwa anakifanya kwa koo lake kikabadilika njiani.

Utenzi na ngano

Opera ni hadithi inayoigizwa kwa nyimbo, mavazi na okestra. Tamthilia ya nyimbo pia. Ndiyo maana watu huzichanganya, au huzitenganisha kwa uzito: hii ya wasomi, ile ya burudani. Tofauti yenye manufaa zaidi iko kwenye swali dogo: muziki unanyamaza lini?

Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, ndiye aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Utenzi wa namna hiyo unaghaniwa. Mghani hakatishi mahadhi akaongea kama anavyoongea dukani, kisha akarudi kuimba. Habari za vita, majina ya watu, hasira na msiba, vyote vinapita kwenye mahadhi yaleyale. Opera kwa kawaida iko hivyo. Hata mtumishi akiingia kusema kuna mgeni mlangoni ataliimba neno hilo, kwa ule usemi wa kuimbwa unaoitwa resitativo. Zipo opera zenye maongezi ya kawaida, na Mozart mwenyewe ameandika, lakini mazoea ni kwamba pazia likishafunguka okestra haikuachi peke yako.

Bibi anayesimulia ngano usiku kule Newala anafanya kingine. Anaongea. Sungura amefika mtoni, fisi anamsubiri. Jambo likizidi uwezo wa maneno, bibi anaimba, watoto wanaitikia, wimbo unaisha, hadithi inaendelea kwa mdomo wa kawaida. Tamthilia ya nyimbo imejengwa kama ngano hiyo, na ugumu wake uko kwenye kivuko. Lazima sauti iliyokuwa inaongea na sauti inayoanza kuimba ziwe za mtu mmoja. Bibi wa Newala huvuka bila kujua kwamba amevuka. Mwimbaji wa opera aliyefundishwa miaka kumi kuweka sauti yake mahali pa juu na pa nyuma huongea kama mtu, kisha akifungua kuimba anatoka mtu mwingine kabisa, na hadhira inacheka pasipotakiwa.

Pinza alikuwa na ajali moja ya heri. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito, na mhusika wake ni mgeni. Kwamba lafudhi ni ya Kitaliano na mhusika ni Mfaransa, Wamarekani hawakuisumbukia. Na lile sikio la kukariri lilimsaidia: alikuwa amezoea kushika lugha kwa kuisikia ikisemwa, si kwa kuitazama karatasini.

Anayetaka kuona mpaka ulivyo mwembamba atazame Porgy and Bess ya George Gershwin. Ilipofunguliwa New York mwaka 1935, ilifunguliwa kwenye ukumbi wa Broadway ingawa mtunzi aliiita opera, na karibu yote iliimbwa. Mwaka 1942 ikarudishwa jukwaani, safari hii resitativo nyingi zikageuzwa maongezi, na watu wakaipokea kama tamthilia ya nyimbo. Mwaka 1976 opera ya Houston ikairudishia vilivyokatwa, ikawa opera tena, na mwaka 1985 ikaingia Metropolitan. Gershwin alikuwa amekufa tangu 1937. Hakuongeza hata nukta. Waliobadilika ni watu waliokuwa wanaamua wapi muziki unyamaze.

Aliyeimba Porgy wa kwanza, Todd Duncan, alikuwa mwalimu wa uimbaji Chuo Kikuu cha Howard, na mwanzoni alimdharau Gershwin kama mtunzi wa nyimbo za mitaani. Mwaka 1945 akaimba na New York City Opera, Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa nafasi kubwa katika kampuni ya opera ya hadhi ile. Mwaka 1949, mwaka wa Pinza, akarudi Broadway kuigiza mchungaji wa Afrika Kusini katika Lost in the Stars ya Kurt Weill. Duncan alivuka mitaa hiyo mara nyingi kuliko Pinza, na kwake suala la "kushuka" lilikuwa na ladha nyingine: milango ya opera ilikuwa imefungwa kwa rangi yake, kwa hiyo alikwenda palipofunguka.

Kigelegele kimoja, ngoma nne

Sasa turudi kwenye giza la Shangani. Iliwezekanaje mwanamke mwembamba ajaze ukumbi ambao kijana mwenye misuli alishindwa kuujaza?

Simama karibu na ngoma nne zinazopigwa kwa nguvu. Piga kelele za kawaida: hujisikii mwenyewe. Sasa mama mmoja, pembeni kabisa, apige kigelegele. Kinapita. Hakijazishinda ngoma kwa nguvu. Ngoma zina nguvu mara nyingi zaidi. Kimepita juu, mahali ambapo ngoma hazina kitu. Zumari nalo kwenye ngoma za pwani linafanya ujanja huohuo.

Okestra ya opera ni ngoma zetu zile. Nguvu yake kubwa iko chini, kwenye kama mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda nguvu inapungua. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba waimbaji wa opera, hasa wanaume na wanawake wenye sauti nzito, hutengeneza mng'aro wa ziada kwenye takriban mitetemo 3,000 kwa sekunde. Huko juu okestra ni dhaifu, na sikio la binadamu liko makini kuliko sehemu nyingine. Mwimbaji hapigi kelele kushindana na vyombo sabini. Ana kigelegele kilichofichwa ndani ya sauti yake.

Mng'aro huo unatengenezwa na umbo la koo. Zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, inashuka kidogo, koo linapanuka, na pale juu tu ya nyuzi za sauti panabaki pembamba. Miaka mingi inapita kabla mwili haujalizoea umbo hilo, na likishakaa haliondoki kwa kuambiwa. Soprano wa juu kabisa hawalihitaji sana, maana nota zenyewe ziko juu ya vurugu la vyombo, lakini besi kama Pinza bila mng'aro huo angezama.

Mama mkubwa wangu huimba sauti ya pili, na alilelewa kwenye kwaya huko Ndanda, misheni ya Wabenediktini iliyoanza mwaka 1906, kanisani ambamo hapakuwa na spika wala aliyezikumbuka. Hakuna aliyemwambia habari za mitetemo. Aliambiwa tu, "Imba mpaka mlango mkubwa usikie." Koo likajitafutia njia.

Lipo na koo la namna nyingine. Muuza samaki anayenadi kule feri naye anasikika mbali, lakini kwa kuita: sauti ya maongezi iliyopandishwa, kali, ya mbele, na kila neno linaeleweka kwa sababu asipoeleweka samaki wanaoza. Siti binti Saad wa Unguja, kabla ya kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, aliuza vyungu vijijini akivinadi kwa kuimba, na shule yake ya sauti ilikuwa hiyo. Sauti nyingi za Broadway zina asili ya namna hii. Kabla ya vimaiki vya kubandika shavuni, Ethel Merman, nyota wa Broadway, aliwafikia watu wa viti vya nyuma kwa kuita, siyo kwa kung'arisha.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kufika mlango mkubwa, na mwili uliozoea moja hauiingii nyingine kwa wiki mbili za mazoezi.

Maiki ikaja ikaongeza la tatu. Kwenye maiki hakuna haja ya kufika popote. Mashine inabeba. Yule kijana wa bendi anaimba kwa sauti ya kumsimulia mtu aliye karibu, na fundi wa muziki amepandisha vifaa mpaka mwisho ili mnong'ono huo utufikie. Ndipo akaja mama mkubwa na sauti ya mlango mkubwa, akaiweka maiki karibu na midomo, vifaa vikiwa bado vimepangwa kwa ajili ya mnong'ono. Ilizidiwa, ikakwaruza, maneno yakafa. Tena alikuwa amesimama mbele ya spika, kwa hiyo sauti iliyotoka spikani ikaingia tena kwenye maiki, ikatoka, ikaingia, ukapatikana ule mluzi. Sauti yake haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa mara kumi ya ile iliyohitajika.

Opera mpaka leo, kwa kawaida, haitumii maiki kwa waimbaji. Broadway iliingia kwenye maiki kidogo kidogo, na sasa hakuna anayeshangaa. Pinza alihama kabla ya zama hizo, kwa hiyo ukumbi bado aliujaza mwenyewe, ila ulikuwa mdogo: Majestic ina viti kama 1,600, na Metropolitan ya zamani ilikuwa na zaidi ya 3,500. Alilazimika kujifunza kuacha nusu ya sauti nyumbani.

Dakika kumi na tano

Hapa ndipo hesabu inapopendeza. Mwimbaji wa opera akishaimba nafasi kubwa hupumzika siku mbili tatu. Nyuzi za sauti ni nyama. Zinavimba, zinahitaji kulala. Broadway haina habari hiyo. Ni maonyesho manane kwa wiki, jioni sita na mchana mara mbili, mtu yuleyule, nyimbo zilezile, mwaka mzima.

Mkataba wa Pinza ukaweka kikomo: asiimbe zaidi ya dakika 15 kwa onyesho. Zidisha kwa manane, unapata saa mbili kwa wiki. Dakika zinazobaki za jioni nzima anaongea, anatembea, anasimama akisubiri mwenzake amalize. Watu wakiisikiliza Some Enchanted Evening, wimbo wake mkubwa, wanasikia sauti pana inayotembea taratibu kama mawimbi ya Mikindani jioni, na hawasikii kwamba wimbo umepimwa kama kibaba. Hauna kona za kumpasua mtu aliyeimba jana na atakayeimba kesho mara mbili.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo nalipenda zaidi. Mwigizaji mwenza, Mary Martin, alikuwa nyota wa Broadway, lakini sauti yake ilikuwa ya Broadway. Aliogopa, kwa haki kabisa, kuimba sambamba na besi wa Metropolitan. Ni kama kumweka mpiga filimbi pembeni ya matarumbeta ya brasibendi. Watunzi wakamuahidi kwamba hatashindanishwa naye. Mapema katika hadithi, wawili hao wanapogundua wanapendana, hawaimbi pamoja. Anawaza mmoja kwa kuimba, anawaza mwingine, kwa zamu, kila mtu peke yake na hofu zake, kisha okestra inapanda na kusema yale ambayo wao hawajathubutu. Watazamaji waliona haya ya wapendanao. Ilikuwa pia njia ya fundi ya kuweka sauti mbili zisizolingana kwenye chumba kimoja. Pale Shangani tungekuwa na fundi wa namna hiyo, angempa mama mkubwa ubeti wake bila maiki na kijana wa bendi ubeti wake na maiki, harusi ingeisha vizuri.

Neno lazima lifike

Kwenye taarabu, fumbo lisiposikika hakuna anayeinuka kwenda kutunza. Mwimbaji anaweza kuwa na sauti ya asali, lakini kama akina mama hawajashika nani anapigwa kijembe, noti zinabaki kwenye mikoba. Tamthilia ya nyimbo ina sharti hilohilo. Hadithi inasonga ndani ya mashairi. Ukikosa mstari mmoja umekosa sababu ya ndoa kuvunjika.

Opera imesamehe sana hapo. Mwimbaji akipanda juu, irabu hupoteza umbo. "I" inakuwa karibu na "e", "u" inafunguka, kwa sababu koo linataka nafasi. Watu walizoea kusoma hadithi kabla hawajaenda, au kutoelewa. Ilipofika mwaka 1983 ndipo kampuni ya opera ya Kanada, mjini Toronto, ilipoanza kuonyesha tafsiri ya maneno juu ya jukwaa, na majumba mengine yakafuata. Anayehamia Broadway hana maandishi ya kumwokoa. Lazima atoe baadhi ya uzuri wa sauti auweke rehani kwa ajili ya konsonanti. Wapo wenye sauti kubwa kuliko Pinza walioshindwa hapo tu: walitaka kila nota ing'ae, na neno likawa msindikizaji.

Nani kasema ameshuka?

Pinza alipata tuzo ya Tony, ile ya tamthilia za Broadway, ya mwaka 1950. South Pacific ikapata Pulitzer, tuzo ya uandishi, mwaka huohuo na kufika maonyesho 1,925, ingawa yeye mwenyewe aliondoka baada ya mwaka mmoja na kidogo kwenda kutengeneza sinema. Mwaka 1954, mwaka ambao bandari yetu ya Mtwara ilifunguliwa, alirudi Majestic katika tamthilia ya Fanny. Alifariki Mei 1957.

Helen Traubel hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa soprano mkubwa wa opera za Wagner pale Metropolitan. Mwaka 1953 alianza kuimba pia kwenye kumbi za starehe, na mkuu wa Metropolitan, Rudolf Bing, hakupendezwa. Wakaachana. Mwaka 1955 Rodgers na Hammerstein wakamweka kwenye Pipe Dream, na ikafungwa baada ya maonyesho 246, kidogo sana kwa majina yale. Ukiwapanga yeye na Pinza pamoja utaona kwamba sauti kubwa haikuwa tiketi. Pinza alipata mhusika aliyemkaa mwilini kama kanzu ya fundi aliyempima, umri wake, lafudhi yake, besi yake iliyoiva. Besi huiva polepole. Akiwa na miaka 56 de Becque alikuwa ndio kwanza ameiva.

Na njia ina pande mbili. Paulo Szot, baritoni wa Brazil, aliigiza de Becque huyohuyo New York mwaka 2008 na kupata Tony. Miaka miwili baadaye ndipo alipoingia Metropolitan kwa mara ya kwanza, kwenye opera ya Shostakovich. Kama Broadway ni bondeni, huyu alipandia huko.

Niliyasimulia haya yote sebuleni kwa mama mkubwa, Jumapili moja mchana, nikiwa nimeazima spika ndogo na maiki ya kijana wa jirani. Alisikiliza habari za kizuizini kwa masikitiko, na za Mary Martin kwa kicheko. Palipofika kwenye mkataba alinisimamisha.

"Dakika kumi na tano? Na mshahara wote?"

"Wote, mama."

"Huyo hakuwa mjinga."

Kisha tukajaribu. Nilimwambia asimame nyuma ya spika, maiki ikae usawa wa kifua, na aimbe kama anambembeleza mjukuu aliyekaribia kulala. Mstari wa kwanza ukatoka mkubwa, spika ikanguruma. Wa pili ukawa mdogo mno, akacheka mwenyewe. Wa tatu aliuongea karibu nusu, akauacha uinuke mwishoni, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba wimbo ule, ambao nimeusikia tangu utoto, una neno "mchanga" katikati yake.

"Hii siyo kuimba," alisema. "Hii ni kumnong'oneza mtu aliye mbali."

Nikaanza kukunja waya. Akaniwekea mkono begani.

"Iache hapo. Mwambie mwenyewe nitamrudishia Jumamosi."